Mwanafunzi wa Fizikia Asikiache Kiswahili Langoni

Washairi na wapenzi wa lugha, tunayo mazoea ambayo naona wakati umefika tuyajadili waziwazi. Kijana aliyekuwa hodari wa insha na utungaji akituambia kwamba anakwenda chuo kikuu kusoma Kiswahili, sheria au uandishi wa habari, tunampongeza na kumhesabu kuwa wetu. Akisema anakwenda kusoma shahada ya fizikia, tunaguna. Tunaona kama lugha imempoteza. Walio upande wa pili nao huwaza hivyo hivyo kwa namna yao: kwamba sasa kijana ameachana na mashairi, ameingia kwenye mambo ya maana. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimepotoka. Fizikia ni somo linalodai usahihi wa maneno kuliko masomo mengi tunayoyaita ya lugha, na Kiswahili chetu kinamhitaji sana huyo kijana tunayemsindikiza kwa masikitiko.

Nasema haya nikiwa mwalimu mstaafu niliyetoka chuo cha ualimu na kufundisha Fizikia na Hisabati sekondari kwa miaka mingi, huku mashairi yakiwa pumziko langu la jioni. Sikusoma chuo kikuu. Lakini nimewaona vijana niliowafundisha wakienda huko, na baadhi yao wakirudi kuwa walimu wenzangu. Ninalolizungumzia nimelishuhudia pande zote mbili za lango.

Tuanze na kile anachokikuta mwanafunzi huyo. Katika miaka mitatu ya shahada ya kwanza atapitia mwendo wa vitu, joto, umeme na sumaku, mawimbi na mwanga, kisha mambo ya ndani ya atomu ambayo macho hayayaoni. Juma hata juma ataingia maabara kupima na kuandika ripoti. Watu wengi hudhani kazi yake ni kukariri kanuni. La, kanuni hukaririka kwa wiki moja. Kazi ngumu ni kutenganisha maneno ambayo mtaani huchanganywa bila hasara, lakini maabara yakichanganywa huharibu kila kitu.

Chukua neno "nguvu". Mtaani tunasema fulani ana nguvu, gari lina nguvu, umeme hauna nguvu leo, chai ya tangawizi inatia nguvu. Mwanafizikia hawezi kuishi na neno hilo moja. Anahitaji kani, yaani kusukuma au kuvuta kunakobadili mwendo wa kitu. Anahitaji nishati, yaani ule uwezo wa kufanya kazi uliomo katika mkaa, katika maji yaliyozuiwa bwawani au katika ugali tulioula mchana. Anahitaji kazi, ambayo kwake hufanyika pale tu kani inapokisogeza kitu kuelekea inakosukuma. Tena anahitaji neno la upesi wa kufanya kazi hiyo, ule unaopimwa kwa wati. Na hapo wengine wetu husema nguvu, wengine uwezo, jambo ambalo bado halijatulia midomoni mwetu.

Mfano ni mchukuzi wa sokoni Kariakoo. Akilinyanyua gunia la kilo 50 hadi kwenye lori, kimo cha mita 1, amefanya kazi ya takriban jouli 490. Akilinyanyua kwa sekunde 1 au kwa sekunde 5, kazi ni ile ile. Lakini upesi wake katika hali ya kwanza ni wati 490, na katika hali ya pili ni wati 98. Sasa mwache asimame na gunia begani akimsubiri dereva. Misuli inauma, jasho linatoka, lakini gunia halisogei. Kwa hesabu ya fizikia, kani ipo na kazi juu ya gunia ni sifuri. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wakilikataa jambo hili kila mwaka, nami nikawatungia ubeti huu waubebe vichwani:

Ukuta wausukuma, jasho linakudondoka,
Kutwa hukurudi nyuma, misuli yote yachoka,
Nao umebaki wima, hatua haukutoka,
Kani umeitumia, kazi haijafanyika.

Ubeti huo si wa kushindanishwa na tungo za malenga. Ninauleta kwa sababu moja: mwanafunzi aliyeshindwa kueleza tofauti hiyo kwa maneno ya kitabu alikuwa akiieleza barabara baada ya kuiimba. Tatizo lake halikuwa akili. Lilikuwa mlango wa maneno.

Yako maneno mengine ya namna hiyo. Joto na halijoto si kitu kimoja. Cheche inayoruka kwenye jiwe la mnoa visu ina halijoto ya mamia ya digrii, lakini ikikutua mkononi hukuachi na jeraha, kwa kuwa joto lililomo katika chembe ndogo kama ile ni kidogo mno. Ndoo ya maji yanayochemka ina halijoto ndogo kuliko cheche, na ikikumwagikia utapelekwa hospitali. Uzito na tungamo nao si kitu kimoja. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 akifika mwezini atabaki na tungamo hilo hilo, lakini uzito wake utakuwa takriban sehemu moja ya sita ya ule wa hapa, kwa sababu mwezi unamvuta kwa kani ndogo kuliko dunia. Kusoma fizikia chuo kikuu ni kuishi ndani ya tofauti za namna hii mpaka ziwe tabia. Niambieni, washairi, kama hiyo si kazi ya lugha. Sisi ambao hugombana usiku kucha juu ya tofauti ya "huba" na "mapenzi" ndio tungepaswa kuielewa mapema zaidi.

Wako wanaojibu kwamba hilo linathibitisha umaskini wa Kiswahili: lugha yenye "nguvu" moja haiwezi kubeba sayansi. Hoja hii husemwa na watu wasioijua historia ya lugha wanazozisifu. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz alichapisha kwa Kijerumani andiko lake mashuhuri juu ya kanuni ambayo leo tunaiita ya hifadhi ya nishati. Katika kichwa cha andiko hilo, neno alilotumia kwa nishati ni Kraft, ambalo ni nguvu au kani. Yaani Wajerumani, katikati ya karne ya 19, walikuwa wamesimama pale pale tunapoambiwa tumekwama. Isaac Newton naye alikiandika kitabu chake cha mwaka 1687 juu ya mwendo na mvutano kwa Kilatini, na Waingereza wakangoja mpaka 1729 kukipata katika lugha yao. Kitabu chake juu ya mwanga, cha mwaka 1704, alikitoa kwa Kiingereza. Kabla yake Galileo, mwaka 1632, aliandika kwa Kiitaliano mazungumzo ya watu watatu wanaobishana kwa siku nne juu ya mpangilio wa ulimwengu, ili hoja zake zifike nje ya kuta za wasomi wa Kilatini.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Michael Faraday. Mwaka 1834 alikuwa akichunguza jinsi umeme unavyopita katika vimiminika, na akakosa maneno ya kuvitaja vile alivyoviona. Hakukaa peke yake kubuni ovyo. Alimwandikia William Whewell wa Cambridge, mtu wa elimu nyingi aliyezijua lugha za kale, akamweleza anachokitaka. Katika mazungumzo yao ya barua yakapatikana maneno ambayo leo hata sisi tunayatumia katika sura ya Kiswahili: anodi, kathodi, ioni. Whewell huyo alipokuwa kijana, mwaka 1814, alipata medali ya chuo chake kwa shairi. Mwanafizikia alibisha hodi kwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno akafungua mlango. Lugha hazikuzaliwa na istilahi mifukoni. Watu walikaa, wakatafuta, wakabishana, wakakubaliana.

Na sisi tumeshaanza kazi hiyo zamani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno kama kani, halijoto, mchapuko na msuguano yana makao. Tena baadhi yake yana ladha. Kushika kani, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kung'ang'ania na kubisha; na ukisukuma ukuta, ukuta nao hukushikia kani ile ile, sawasawa, kuelekea kwako. Mchapuko unatokana na kuchapuka, kuongeza mwendo. Hapo pana mjadala mzuri, maana mwaka wa kwanza mwanafunzi hufundishwa kwamba hata jiwe lililofungwa kamba na kuzungushwa bila kuongeza kasi lina mchapuko, kwa kuwa mwelekeo wake unabadilika kila wakati. Je, neno linatosha? Linaweza kupanuliwa? Huo ni mjadala wetu, na hatuwezi kuufanya vyema bila mtu anayeijua fizikia kwa undani.

Kasoro iko katika njia anayopitia kijana. Katika shule nyingi za msingi za Tanzania anafundishwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza anabadilishiwa lugha ya masomo. Akifaulu kidato cha nne na kuchagua tahasusi iliyozoeleka ya Fizikia, Kemia na Hisabati, anaagana na somo la Kiswahili, mara nyingi kwa maisha yote ya shule. Anafika chuo kikuu akiwa na lugha mbili zisizosalimiana. Katika moja anajua kuburuta sanduku sakafuni na kusikia jinsi linavyogoma. Katika nyingine anajua kuandika mlinganyo. Neno msuguano, ambalo lingeviunganisha viwili hivyo, limelala kwenye kamusi.

Hasara yake haibaki kwake. Wengi wanaosoma fizikia katika vyuo vyetu huisoma pamoja na ualimu. Wakihitimu wanapelekwa shule za kata, mbele ya watoto waliotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Mwalimu huyo kijana anajikuta na njia mbili. Awasomee watoto imla ya Kiingereza wasichokielewa, au awaeleze kwa Kiswahili ambacho hajawahi kukitumia kufikiria fizikia, na hapo kila kitu kinageuka kuwa "nguvu". Nimekaa nyuma ya madarasa ya namna hiyo. Watoto wananyamaza, wanaandika, wanapiga mhuri wa kichwa kwamba wameelewa. Hakuna anayeuliza.

Na fizikia bila swali imekufa. Kijana wetu aliyeitangaza Tanzania katika somo hili, Erasto Mpemba, hakuitangaza kwa kanuni bali kwa swali. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya mengine yaliyokwisha kupoa. Aliuliza, akaambiwa haiwezekani. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alifika mgeni, mwanafizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mpemba akasimama akauliza tena, huku wenzake wakimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi maabara, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Mpaka leo wanasayansi wanabishana: wengine wameliona tukio hilo, wengine wamepima wasilione, na sababu yake haijakubaliwa na wote. Lakini jina la Mpemba limo midomoni mwao.

Pale Mkwawa, tangu mwaka 2005, pamekuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu, mahali wanapoandaliwa walimu wa sayansi. Kila ninapolifikiria jambo hilo najiuliza ni Mpemba wangapi wameketi katika madarasa ya wahitimu wetu wakiwa wameona jambo jikoni, shambani au gereji, na hawana maneno ya kuliuliza. Kucheka kulimshinda Mpemba kumnyamazisha. Kukosa maneno kunanyamazisha bila kelele.

Nazijua hoja za kunipinga, na sizidharau. Ya kwanza ni kwamba majarida na vitabu vya fizikia ya juu viko kwa Kiingereza. Ni kweli, na mwanafunzi akijue Kiingereza vizuri kuliko anavyokijua sasa. Simwombi aache lugha moja. Nakataa aibebe moja kwa kuitupa nyingine. Anayeweza kulieleza jambo kwa lugha mbili amelielewa mara mbili.

Ya pili husema kwamba lugha ya fizikia ni hisabati, kwa hiyo maneno si kitu. Lakini mlinganyo ni bubu mpaka mtu aseme kila herufi inasimama badala ya nini. Kani ni tungamo mara mchapuko: ukiondoa maana ya maneno hayo matatu, zinabaki herufi tatu na alama ya usawa.

Ya tatu hutoka kwa wazazi: fizikia haina mkate. Nao nawajibu kwamba mashine za mionzi za kutibu saratani zinahitaji mwanafizikia wa kupima dozi, utabiri wa hali ya hewa ni fizikia ya hewa na maji, na shule zetu hazijapata kushiba walimu wa somo hili. Lakini pia iko faida ya mwananchi wa kawaida. Angalia umeme tunaonunua kwa LUKU. Uniti 1 ni kilowati-saa 1, yaani nishati ya jouli 3,600,000; pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima bila kukatika huimaliza. Wati ni upesi wa kula, uniti ni chakula chenyewe. Vivyo hivyo, tukisikia kwamba Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji linaweza kuzalisha megawati 2,115, hicho ni kipimo cha upesi, si akiba iliyomo ghalani. Hata majina ya taasisi zetu yanayumba: tunayo Wizara ya Nishati, na tunayo Tume ya Nguvu za Atomu. Nchi moja, dhana moja, maneno mawili. Nani atatusaidia kuyanyoosha kama si aliyesoma fizikia na bado anakipenda Kiswahili?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, idara za fizikia zimtake kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aambatanishe na mradi wake ikisiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, isomwe na mwalimu mmoja wa fizikia na mmoja wa Kiswahili. Asiyeweza kuieleza kazi yake kwa ukurasa mmoja katika lugha ya nyumbani kwao ajiulize kama ameielewa.

Pili, mwanafunzi mwenyewe asingoje idara. Tangu juma la kwanza awe na daftari la maneno: kila dhana mpya, neno lake la Kiswahili, na sentensi moja yenye mfano alioushuhudia kwa macho yake. Baada ya miaka mitatu atakuwa na kitu ambacho hakuna duka la vitabu linalokiuza.

Tatu, sisi washairi. Tuache kuiona istilahi kama kokoto kwenye mchele. Neno jipya halikai katika lugha kwa kuchapishwa kwenye kamusi; hukaa kwa kusemwa, kuimbwa na kutaniwa. Tumezoea kutunga mashairi ya kuisifu sayansi kwa jumla, ya "elimu ni taa". Yametosha. Atunge mtu juu ya halijoto na joto, atunge juu ya msuguano, kisha aupeleke utungo wake kwa mwanafizikia ausahihishe dhana kama vile sisi tunavyosahihishana mizani. Na mwanafizikia akija kwetu kama Faraday, anatafuta neno, tusimrudishe mikono mitupu.

Mwaka wa masomo wa vyuo unakaribia kuanza. Baadhi yenu mnao watoto, wajukuu au wanafunzi wa zamani watakaoripoti wakiwa wamechaguliwa kusoma fizikia. Msiwaage kama watu wanaohama ukoo. Mnunulieni kila mmoja daftari nene, muandikieni neno "kani" kwenye mstari wa kwanza, na mwambieni mnataka kulisoma akirudi likizo.